London hadi Istanbul: ni kilomita ngapi, na ndege inachukua muda gani hasa?

Chukua tiketi ya mfano ya London kwenda Istanbul, mwezi Julai. Kuondoka 11:30, kufika 17:20. Ukitoa moja katika nyingine unapata saa 5 na dakika 50. Tazama ya kurudi: kuondoka 13:00, kufika 15:10. Hapo unapata saa 2 na dakika 10 tu. Ndege ni ya aina ileile, miji ni ileile, anga ni ileile. Sasa isogeze safari hiyohiyo hadi Januari bila kugusa saa za kuondoka: kwenda kunakuwa saa 6 na dakika 50, kurudi saa 1 na dakika 10.

Aliyechanganyikiwa anaingia mtandaoni kutafuta angalau umbali. Ukurasa mmoja unamwambia 2,490. Wa pili, 1,550. Wa tatu, 1,345. Wa nne, 3,000. Anaanza kuamini kwamba hakuna anayejua.

Namba zote hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba kila moja inajibu swali lake, na aliyeuliza hakuambiwa ni swali lipi. Na njia hii inawagusa wasomaji wengi wa Kiswahili, kwa sababu abiria wengi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi, Mombasa na Entebbe wanaokwenda Uingereza hubadilisha ndege Istanbul. Basi tuifumbue namba moja moja.

Maneno kwanza

Kiswahili kinalitumia neno moja, saa, kwa chombo cha mkononi, kwa wakati wa siku na kwa urefu wa muda. "Saa sita" inaweza kuwa adhuhuri, na inaweza kuwa robo ya siku nzima. Ndiyo maana wengi husema "masaa" wanapotaja urefu wa muda, hata kama walimu wa lugha hawalipendi neno hilo. Humu nitakapoandika 17:20 najua unaona saa ya tiketi, inayoanza kuhesabiwa saa sita usiku. Kwa Kiswahili cha nyumbani hiyo ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Nitakapoandika "saa 4" kwa tarakimu, nazungumzia urefu wa muda.

"Muda wa safari" unaoonyeshwa kwenye tiketi huhesabiwa geti hadi geti: kuanzia ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa upande wa pili. "Muda wa hewani" ni mfupi zaidi, kwa kuwa huanza magurudumu yanapoachana na ardhi na kuisha yanapoigusa tena. Watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa kama safari ni ya saa 3 na nusu au saa 4, na wote wakawa sawa, mmoja akihesabu hewani na mwingine geti hadi geti.

Kilomita zipi?

Umbali unaotajwa zaidi na kampuni za ndege ni ule wa duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya uso wa dunia kati ya nukta mbili. Chomeka njiti mbili kwenye tikiti maji la mviringo, funga uzi kwenye njiti moja, uvute ukaze hadi ya pili. Pale uzi unapolala ndipo duara kuu linapopita.

Kutoka Heathrow, uwanja mkubwa wa ndege wa London, hadi Uwanja wa Ndege wa Istanbul uzi huo una urefu wa karibu kilomita 2,490. Ukiigeuza namba hiyo kuwa maili za nchi kavu, zile ambazo Waingereza wanazitumia barabarani, zenye mita 1,609 kila moja, inakuwa karibu 1,550. Ukiigeuza kuwa maili za baharini, ambazo marubani walizirithi kwa mabaharia, zenye mita 1,852 kila moja, inakuwa karibu 1,345. Hakuna mji uliosogea. Kipimo ndicho kilichobadilika. Kwa hiyo ukiona namba ya umbali wa ndege haina neno "kilomita" au "maili" pembeni yake, usiitumie kabisa.

Ile 3,000 ni ya barabara. Gari linalovuka kwenda Calais, likapita Ubelgiji, Ujerumani, Austria, Hungaria, Serbia na Bulgaria, hutembea karibu kilomita 3,000, kwa sababu barabara hufuata mabonde, madaraja na vituo vya mpakani.

Kuna maelezo yanayopendwa sana, kwamba ndege hupita njia iliyopinda kwa sababu dunia ni mviringo. Ni kweli, na kwa safari ya London hadi Los Angeles upindaji huo ni mkubwa kiasi cha kuipeleka ndege hadi karibu na Greenland. Lakini ndani ya Ulaya jambo hilo halina uzito. Ukichora London hadi Istanbul kwa mstari ulionyooka kwenye ramani ya kawaida ya ukutani, kisha ukalinganisha na duara kuu, tofauti ya urefu ni kama kilomita 15. Mstari wa kweli unapita kaskazini kidogo, na katikati yake panaangukia karibu na mji wa Graz, Austria. Basi.

Kinachorefusha njia kweli ni mambo mengine. Ndege hairuki kwenye uzi. Hutoka Heathrow ikielekea upande ambao upepo unataka, maana ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo. Ikifika juu inafuata njia zilizopangwa, inakwepa mawingu ya radi na maeneo ya mazoezi ya kijeshi, na ikikaribia Istanbul inazungushwa hadi ielekee barabara ya kutua. Yote hayo huongeza asilimia chache. Kwa safari ya kilomita 2,490, kuongeza kilomita 70 hadi 120 si jambo la kushangaza.

Tena uliza: London ipi, na Istanbul ipi? Kwa barabara, umbali kutoka London kwa desturi hupimwa kuanzia Charing Cross, palipo na sanamu ya Mfalme Charles wa Kwanza kusini mwa uwanja wa Trafalgar. Istanbul nayo ina kipande cha nguzo ya Milion huko Sultanahmet, ambayo enzi za Bizanti ilikuwa ndiyo sifuri ya barabara zote za dola. Ndege hazianzii hapo. London ina Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton, City na Southend, na kutoka Heathrow upande wa magharibi hadi Stansted upande wa kaskazini-mashariki ni safari yenyewe. Istanbul ina uwanja mkubwa mpya upande wa Ulaya, uliochukua abiria wote wa Atatürk mwezi Aprili 2019, na ina Sabiha Gökçen upande wa Asia, ng'ambo ya Bosporasi. Ukikata tiketi bila kusoma jina la uwanja, unaweza kuokoa pesa kidogo kwenye ndege ukaimaliza kwenye teksi. Mtego huu umejaa Ulaya: uwanja unaouzwa kwa jina la Paris Beauvais uko kilomita 85 hivi kutoka Paris, na Frankfurt-Hahn uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt.

Saa ya nne inakwenda wapi?

Ndege nyingi za njia hii, kama Airbus A321 au Boeing 737, zikishafika juu hukimbia kilomita 830 hivi kwa saa. Gawanya 2,490 kwa 830 unapata saa 3 kamili. Tiketi inasema karibu saa 4. Saa moja nzima imeliwa wapi?

Anza Heathrow. Mlango umefungwa, gari la kusukuma linairudisha ndege nyuma, injini zinawashwa moja baada ya nyingine. Dakika zinapita kabla ndege haijasogea kwa nguvu zake yenyewe. Kisha inaingia kwenye foleni. Heathrow ina barabara mbili tu za kurukia, na kwa kawaida moja inapaisha na nyingine inatua. Kati ya ndege moja na inayofuata lazima ipite dakika moja na nusu hivi, wakati mwingine mbili, ili msukosuko wa hewa unaoachwa na mabawa ya ile ya mbele utulie. Zikiwa mbele yako ndege nane, hesabu mwenyewe. Dakika 15 hadi 20 kutoka getini hadi kupaa ni kawaida, na saa ya tiketi inahesabu muda huo wote.

Halafu kupanda. Chini ya mita 3,000 hivi ndege kwa kawaida hubanwa isizidi kilomita 460 kwa saa, karibu nusu ya kasi yake ya juu. Huchukua zaidi ya dakika 20 kufika kilomita 11 juu. Upande wa pili, rubani huanza kushuka akiwa bado kilomita 200 hivi kutoka Istanbul, akipunguza mwendo hatua kwa hatua hadi magurudumu yaguse kwa kasi ya kilomita 250 na kitu kwa saa. Ni kama basi la mkoani: hata liwe na injini ya namna gani, kutoka stendi na kuingia stendi ndiko kunakokula muda. Na Uwanja wa Istanbul ni mpana sana. Ukitua kwenye barabara iliyo mbali na jengo la abiria, ndege itatembea ardhini dakika 15 huku ukijiuliza kama mnaendeshwa kwenda mji mwingine.

Kurudi London kuna jambo la ziada. Asubuhi na jioni ndege zinazokuja Heathrow ni nyingi kuliko nafasi za kutua, hivyo husubirishwa angani katika vituo vinne vyenye majina: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Zinazotoka mashariki kwa kawaida huangukia Lambourne au Biggin. Ndege hupangwa moja juu ya nyingine kama sahani kabatini, zikitengana mita 300 kwa kimo, kila moja ikizunguka duara refu la dakika nne hivi. Ya chini ikiitwa kutua, zote zinashuka ngazi moja. Ukiona kwenye skrini ya kiti chako ndege imechora yai mara tatu juu ya kingo za London, jua zimekwenda dakika kumi na mbili, na hakuna kilichoharibika.

Kutokana na hayo kuna kanuni rahisi ya mkononi: gawanya kilomita za duara kuu kwa 830, kisha ongeza dakika 45 hadi saa 1. Viwanja vyenye msongamano, ongeza saa nzima. Ijaribu. Lisbon hadi Madrid ni kilomita 513: dakika 37 za kukimbia, jumlisha 45, unapata saa 1 na dakika 20 hivi, na ndivyo ratiba zinavyosema. Heathrow hadi Charles de Gaulle, Paris, ni kilomita 347: dakika 25 za kukimbia, lakini ratiba huandika saa 1 na robo au zaidi. Hapo muda wa stendi umeuzidi muda wa safari mara mbili. Ndiyo maana treni ya London hadi Paris, inayotumia saa 2 na dakika 20 hivi kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, huishinda ndege kwa abiria wengi ukihesabu mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli. Kwa Istanbul treni haiwezi kushindana. Kilomita ni nyingi mno.

Kanuni hiyo inajibu pia swali la ndege kubwa. Boeing 787 hukimbia kilomita 900 hivi kwa saa. Kwa 2,490 inaokoa dakika 14 tu, kisha inazipoteza kwa kuwa abiria 300 hawashuki upesi kama 180.

Upepo, na dhana kwamba dunia inakuja kukupokea

Wengine husema: dunia inazunguka kuelekea mashariki, hivyo anayeruka kwenda magharibi, mji unamjia. Wazo hili lingekuwa kweli kama hewa ingebaki imesimama dunia ikizunguka chini yake. Haibaki. Hewa inazunguka pamoja na ardhi. Nzi aliyemo ndani ya basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa huruka kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma na kurudi bila kugongwa na kioo, kwa sababu hewa ya ndani ya basi inasafiri na basi. Ndege ni huyo nzi.

Tena mambo yalivyo ni kinyume kabisa. Kutoka London kwenda Istanbul, yaani mashariki, ndiko kwa haraka. Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu hapa: jahazi lilitoka Omani kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha aliyepambana na upepo alifika amechelewa. Angani juu ya Ulaya, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Tofauti yake na kaskazi na kusi ni kwamba wenyewe haugeuki kwa msimu. Hupungua kiangazi na kupata nguvu majira ya baridi, wakati tofauti ya joto kati ya kusini na kaskazini inapokuwa kubwa. Mzunguko wa dunia unahusika katika kuupa mwelekeo upepo huo, na huko ndiko dhana ile ilikopata chembe yake ya ukweli.

Tupige hesabu. Upepo wa nyuma wa kilomita 45 kwa saa unaifanya ndege ya 830 ipite juu ya ardhi kwa 875: saa 2 na dakika 51. Kurudi, 785: saa 3 na dakika 10. Tofauti ni dakika 19, na ndiyo maana tiketi yetu ya mfano, ukishaondoa tofauti ya saa za nchi, ni saa 3 na dakika 50 kwenda na saa 4 na dakika 10 kurudi. Siku ya upepo wa 80, kwenda ni saa 2 na dakika 44, kurudi saa 3 na dakika 19. Jumlisha zote mbili: saa 6 na dakika 3, siyo 6 kamili. Upepo haukurudishii chote ulichokuchukulia, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ukipigana nao kuliko unaokaa ukibebwa nao.

Saa za nchi: kiini cha mkanganyiko

Saa zote zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. Ya kuondoka ni saa ya London, ya kufika ni saa ya Istanbul. Kutoa moja katika nyingine bila kuzioanisha ni kama kutoa shilingi katika pauni.

Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma mwaka 2016. Tangu hapo imebaki saa tatu mbele ya saa ya Greenwich mwaka mzima, sawasawa na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Hii ni bahati kwa msomaji wa Afrika Mashariki: ukiijua saa ya kwenu, umeijua ya Istanbul, na ukishuka huko usiiguse saa yako. Uingereza ndiyo inayocheza. Jumapili ya mwisho ya Machi inasogeza saa mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba inairudisha. Kwa hiyo London iko nyuma ya Istanbul kwa saa 2 kiangazi na saa 3 majira ya baridi.

Rudi kwenye tiketi ya Julai. Ikiwa London ni 11:30, Istanbul ni 13:30. Kutoka 13:30 hadi 17:20 ni saa 3 na dakika 50. Ya Januari: 11:30 ya London ni 14:30 ya Istanbul, na ndege inafika 18:20. Muda ni uleule, saa 3 na dakika 50. Hakuna mwezi ambao ndege imechelewa.

Asiyejua tofauti ya saa za nchi mbili ana njia ya mkato isiyokosea: jumlisha muda unaoonekana wa kwenda na ule wa kurudi, kisha gawa kwa mbili. Julai: 5:50 na 2:10 ni saa 8, nusu yake ni 4. Januari: 6:50 na 1:10 ni saa 8, nusu yake ni 4. Tofauti ya saa za nchi huongeza upande mmoja kile inachopunguza upande mwingine, hivyo inajifuta yenyewe. Njia hii inafaa pale ambapo Uingereza haijabadilisha saa kati ya kwenda na kurudi.

Mfano mkali zaidi ni Lisbon na Madrid, miji jirani. Hispania inatumia saa ya Ulaya ya kati tangu mwaka 1940, ingawa kijiografia iko sambamba na Uingereza. Ureno inatumia saa ya Greenwich. Ndege ikitoka Lisbon 10:00 inafika Madrid 12:20. Ikitoka Madrid 10:00 inafika Lisbon 10:20. Nchi zote mbili hubadilisha saa kwa pamoja, hivyo hapo tofauti ni saa 1 siku zote.

Kufika mapema, kuchelewa, na kanuni za fidia

Ndege iliyochelewa kuondoka dakika 15 mara nyingi hufika kwa wakati, na abiria huamini rubani alikanyaga mafuta. Kukanyaga kunasaidia kidogo sana. Kutoka 830 hadi 850 kwa saa, safari nzima inaokoa dakika 4, na mafuta yanayoungua zaidi ni mengi. Kinachookoa ni akiba iliyofichwa ndani ya ratiba: kampuni huandika saa 3 na dakika 50 ikijua kwamba siku njema ingetosha 3 na 30. Pili, waongozaji wa ndege wakiwa na nafasi hukata kona na kuipeleka ndege moja kwa moja.

Wakati mwingine mmekaa ndani, mlango umefungwa, anga ni jeupe, na ndege haisogei. Anga ya Ulaya ina shirika linaloratibu msongamano, Eurocontrol, lenye makao yake Brussels. Sehemu fulani ikijaa, hata kama ni juu ya Hungaria, ndege inayokwenda huko hupewa saa maalumu ya kupaa na dirisha la dakika 15: dakika 5 kabla ya saa hiyo hadi dakika 10 baada yake. Ikilikosa, inarudi nyuma ya foleni. Rubani anapowafungia ndani mapema bila kuondoka, mara nyingi analinda dirisha hilo.

Vita navyo vimebadilisha ramani. Anga ya Ukraine ilifungwa kwa ndege za kiraia tarehe 24 Februari 2022. Istanbul hadi Moscow ni kilomita 1,700 hivi kwa uzi, lakini ndege sasa huzunguka kwa upande wa mashariki wa Bahari Nyeusi, na safari imerefuka kwa zaidi ya saa nzima. Njia ya London haipiti Ukraine, ila inagawana anga ya Romania na Bulgaria na ndege nyingi zaidi kuliko zamani.

Duara kuu lina umuhimu mwingine ambao abiria wachache wanaujua: ndilo linaloamua fidia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 hupanga fidia kwa umbali huo, siyo kwa njia iliyorukwa: euro 250 hadi kilomita 1,500, euro 400 hadi 3,500, na euro 600 zaidi ya hapo kwa safari zisizo za ndani ya Umoja. Uingereza ilibaki na sheria yake inayofanana: pauni 220, 350 na 520. London hadi Istanbul, kilomita 2,490, iko daraja la kati, pauni 350, mradi umefika umechelewa saa 3 au zaidi na sababu iwe ndani ya uwezo wa kampuni. Dhoruba au kufungwa kwa anga havilipwi. Ikiwa tiketi yako ni moja kutoka London hadi Dar es Salaam kupitia Istanbul, unahesabiwa umbali wa London hadi Dar moja kwa moja, na daraja ni la juu. Kwa upande wa kurudi, ukitokea Istanbul na kampuni isiyo ya Uingereza wala ya Umoja wa Ulaya, sheria ya Uingereza haikufuati. Na kufika hakuhesabiwi magurudumu yanapogusa: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba ndege imefika pale mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kutoka. Kwa hiyo mlango ukifunguka, tazama saa na uiandike.

Jambo la mwisho la tiketi ni ndege za usiku. Ikiandikwa Jumanne 00:25, wengi hujiandaa Jumanne jioni, wakakuta ndege iliondoka karibu siku nzima iliyopita. Kiswahili kina maneno yanayokaa hapo sawasawa: usiku wa kuamkia Jumanne, saa sita na dakika ishirini na tano. Uwanjani unatakiwa uwe umefika Jumatatu, saa tatu na nusu usiku.